Mafuta Yanapogoma Kutoka: Kuondoa Petroli kwa Usalama katika Gari Lililolala

Hapa Malindi magari hulala kwa sababu nyingi. Mwenye nyumba ya ufukweni huondoka masika yanapokaribia na harudi mpaka upepo wa kaskazi uanze. Mwingine anasubiri kipuri kutoka Mombasa. Mwingine amefariki na warithi wake hawajaafikiana. Gari hubaki chini ya mwembe au kibanda cha makuti, na ndani ya tanki mna lita 15 au 30 za petroli ambazo hakuna anayezifikiria mpaka siku injini inapokataa kuwaka, au harufu inapoanza kuingia nyumbani. Siku hiyo ndipo watu huleta mpira na jerikeni, na hapo ndipo matatizo huanza.

Mwongozo huu unayafuata matatizo hayo kwa jinsi yanavyojitokeza. Nimeuandika kwa ajili ya magari ya petroli, na dizeli nitaitaja pale inapotofautiana. Jambo ninalolishikilia tangu mwanzo ni kwamba mafuta yanapokataa kutoka huwa kuna sababu, na sababu hiyo sharti ijulikane kabla mtu hajaongeza nguvu. Ajali nilizozishuhudia katika kazi hii zilianza kwa mtu aliyeongeza nguvu: aliyevuta kwa mdomo, aliyetoboa tanki kwa msumari, au aliyechimba shimo.

Kabla kifuniko hakijafunguliwa

Kinachoshika moto si petroli ya majimaji bali ni mvuke wake, na mvuke huo hutoka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto letu ambapo boneti ya mchana haishikiki kwa mkono. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupai. Hutambaa chini kama maji, ukajaza mitaro, mashimo na pembe za ua, na unaweza kwenda mita kadhaa hadi ukakuta jiko la makaa, kisha moto ukarudi nao mpaka kwenye chanzo. Hewa ikiwa na mvuke wa petroli wa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi, cheche moja inatosha. Nchini Kenya hatuhitaji kukumbushwa sana. Tarehe 31 Januari 2009, pale Sachangwan karibu na Molo, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya petroli iliyomwagika kutoka kwenye lori kulipuka moto. Gari dogo hubeba sehemu ndogo tu ya kiasi kile, lakini tabia ya mvuke ni ile ile.

Kwa hiyo gari lisukumwe litoke chini ya makuti, na juu ya hili sikubali mjadala. Liwekwe mahali peupe penye upepo, mbali na kisima na mbali na chemba za maji taka. Kwa lugha ya mabaharia wetu, jiko la jirani na karai la anayekaanga bhajia viwe upande wa goshini, unakotoka upepo, na gari liwe upande wa demani, unakokwenda upepo, ili upepo upeleke mvuke mbali na moto, na huko unakopelekwa pia pasiwe na moto wowote. Kazi ifanywe asubuhi, wakati bati na ardhi havijapata joto. Lakini asubuhi ikiwa shwari kabisa, bila jani kutikisika, afadhali kusubiri, kwa sababu mvuke usiopeperushwa hukaa pale pale miguuni pa fundi.

Waya hasi wa betri ufunguliwe kwanza, kabla ya jambo jingine lolote. Watu wengi husahau kwamba kila mlango wa gari una swichi ya taa ya ndani, na kila mlango unapofunguliwa swichi hiyo inaweza kutoa cheche ndogo. Pawe na kizima moto cha unga mkavu na ndoo mbili za mchanga, ambao hapa kwetu hauuzwi. Maji hayafai, kwa kuwa petroli huelea juu yake na kuueneza moto. Chombo cha kupokelea kiwe jerikeni ya chuma au ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya gari, wala si yale madumu ya manjano ya mafuta ya kupikia. Kiwekwe chini ardhini muda wote wa kujazwa, kamwe si juu ya zulia la buti wala juu ya plastiki ya nyuma ya pikapu, kwa sababu hapo umeme tuli hauna njia ya kushuka ardhini. Jerikeni ya lita 20 isijazwe kupita lita 18, maana petroli hutanuka kwa takriban asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka.

Mpira unaingia kidogo kisha unagota

Hili ndilo lalamiko la kwanza, na sababu yake kwa kawaida si uchafu. Magari mengi ya miongo ya karibuni yana wavu au kiwambo ndani ya shingo ya tanki, kilichowekwa ili kuzuia wizi wa mafuta na kuzuia mafuta yasimwagike gari likipinduka. Mpira unaogota baada ya urefu wa mkono umekutana nacho. Kuusukuma kwa nguvu kuna matokeo mawili mabaya: ama unapita na kunaswa wakati wa kurudi, ukakatika na kipande kubaki ndani ya tanki, ama mtu hukasirika na kuchukua ujiti wa chuma. Ujiti wa chuma ndani ya shingo ya tanki ni cheche inayosubiri wakati wake.

Mpira mwembamba zaidi, uliokatwa ncha kwa mshazari na kuzungushwa polepole unapoingizwa, hupita katika baadhi ya magari. Usipopita mara ya tatu, njia hiyo iachwe na nyingine itafutwe. Land Cruiser za zamani na malori mengi yana bolti ya kumwagia chini ya tanki, na hiyo ndiyo njia nyepesi kuliko zote, ilimradi spana iwe ya saizi kamili na chombo kiwe kimeshawekwa kabla bolti haijalegezwa. Magari mengine madogo yana kifuniko cha pampu chini ya kiti cha nyuma. Kikifunguliwa, mpira huingia moja kwa moja. Njia hii ni nzuri lakini huleta mvuke ndani ya gari, kwa hiyo milango yote na buti viachwe wazi kwa muda wa kutosha, na anayefanya kazi asiinamishe uso juu ya tundu. Kutoboa tanki si njia, hata kama gari linakwenda kuuzwa vyuma chakavu.

Mafuta yanatoka kidogo kisha yanakoma

Hapa pana sababu nne, na ninashauri zikaguliwe kwa mpangilio huu.

Ya kwanza ni kimo. Mafuta hutiririka kwa mpira ikiwa tu usawa wa mafuta ndani ya tanki uko juu kuliko mahali yanapotokea. Tanki la gari dogo liko chini, pengine kiasi cha magoti, na jerikeni iliyosimamishwa ni ndefu. Inapojaa hadi usawa wake ukalingana na wa tanki, mtiririko hufa, nusu ya mafuta ikiwa bado ndani. Dawa ni kutumia chombo kifupi na kipana chenye kifuniko, au kulipandisha gari kwenye mwinuko na kulizuia magurudumu kwa mawe. Dawa ambayo nimeiona mara nyingi hapa, kwa kuwa mchanga wetu ni laini, ni kuchimba shimo na kuitia jerikeni humo. Mafuta kweli yatashuka, lakini mvuke nao utajaa shimoni mpaka ukingoni, na fundi atakuwa amepiga magoti pembeni yake.

Sababu ya pili ni ombwe. Tanki linapotoa mafuta bila kuingiza hewa, hewa iliyobaki juu hutanuka na kuyavuta mafuta yasishuke. Kwa kawaida mtu ameziba mdomo wa tanki kwa kitambaa kuzunguka mpira, akidhani anazuia mvuke. Katika gari linalomwagwa kwa bolti ya chini, kifuniko kikiwa kimefungwa, chanzo huwa mrija wa kupumulia ulioziba. Miaka michache iliyopita nilisaidia kumwaga mafuta ya gari la mizigo lililolala Shela ya hapa Malindi tangu kusi la mwaka uliotangulia. Yalitoka kiasi cha kikombe kwa muda mrefu, yakidondoka kama bomba la msikitini lililochakaa mpira. Nilipoufuatilia mrija wa kupumulia mpaka mwisho wake nyuma ya gurudumu, niliukuta umezibwa kwa udongo mgumu wa rangi ya matofali: dondora alikuwa amejenga humo. Nilipoupekecha udongo ule kwa kijiti cha mti, tanki lilivuta pumzi kwa sauti iliyosikika, na mafuta yakaanza kutiririka kwa unene wa kidole.

Ya tatu ni mpira kuvuta hewa, ama kwa sababu una ufa, ama kwa sababu ncha yake imeinuka juu ya mafuta. Mpira wa kumwagilia bustani haukutengenezwa kwa petroli na usitumiwe. Ya nne ni kwamba mafuta yamekwisha kweli, na nitaieleza mbele kidogo katika suala la geji.

Kuhusu namna ya kuanzisha mtiririko, sisi watu wa pwani tuna kifaa ambacho ndugu zetu wa bara hawana karibu. Ni ule mpira wenye tumbo unaofungwa kati ya tanki na mashine ya mashua, ambao nahodha huuminya mara kadhaa kabla ya kuvuta kamba. Umetengenezwa kwa petroli, una vali za kupitisha upande mmoja tu, na mshale uliochorwa juu yake unaonyesha mafuta yanakokwenda. Mshale uelekezwe kwenye jerikeni, tumbo liminywe mara kadhaa mpaka mafuta yaanze kutiririka, nayo yataendelea yenyewe. Huko Lamu, ambako magari ni machache lakini mashine za mashua zimejaa gatini, hakuna fundi asiyeujua.

Mdomo usitumike, hata mara moja, hata na mtu aliyezoea. Petroli kidogo sana ikiteleza kuingia mapafuni huunguza tishu na kuleta homa kali ya mapafu. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi alivuta mara moja tu, akacheka, akatema mate. Usiku alikohoa mpaka asubuhi na kesho yake akalazwa hospitalini. Aliyemeza asitapishwe, kwa kuwa hatari kubwa ni mafuta kupita kooni mara ya pili na kushukia mapafu, na kwa sababu hiyo hiyo asinyweshwe maziwa. Apelekwe hospitali, hata kama anasema ni mzima.

Pampu ya gari hailii

Katika magari yenye nozeli za umeme, yaani vinyunyizio vya petroli badala ya kabureta, njia safi ni kuiachia pampu ya gari lenyewe kazi ya kuyasukuma mafuta. Paipu ya mafuta hufunguliwa upande wa injini, mpira unaofaa hufungwa hapo kwa klipu na kupelekwa kwenye jerikeni, kisha pampu huwashwa kwa kuunganisha matundu namba 30 na 87 kwenye kikalio cha rilei yake, ile swichi ya umeme inayoiwasha pampu, kwa waya wenye fyuzi. Paipu hiyo hushikilia shinikizo la baa 3 hivi, pengine hata baada ya muda, kwa hiyo ifunikwe kwa kitambaa kinene inapolegezwa. Magari yenye nozeli zinazopulizia moja kwa moja ndani ya silinda, na dizeli za kisasa, yana sehemu ya shinikizo kubwa mno. Hizo zisiguswe na asiye fundi wa mifumo hiyo.

Betri ambayo ilifunguliwa itabidi irudishwe kwa hatua hii, na mpangilio hapa ndio usalama wenyewe: viungo vyote vya mpira vikazwe na kukaguliwa kwanza, vifuniko vifungwe, mabaki ya mafuta yafutwe na kukauka, ndipo betri iunganishwe. Waya wa rilei uwe wa mwisho kuunganishwa na wa kwanza kuondolewa.

Kama pampu iko kimya, sababu ya karibu ni betri iliyolala na gari. Pampu inahitaji betri yenye chaji, si ile inayowasha taa za dashibodi tu. Inayofuata ni fyuzi. Kisha ni ardhi ya umeme, na hapa chumvi ya bahari haina huruma. Upepo unaoupita ufuo wa Malindi hufika na unyevu wa chumvi, na waya wa ardhi uliofungwa kwenye bodi huota kutu ya kijani usiyoiona mpaka uufungue na kuusugua. Pampu yenyewe iliyokwama kwa utomvu wa mafuta ya zamani ni sababu ya mwisho kufikiriwa, ingawa mafundi wengi huitaja kwanza kwa kuwa ndiyo inayouzwa.

Pampu ikilia lakini hakuna kinachotoka, basi ama chujio lake la chini limeziba, ama kipande cha mpira ndani ya tanki kimepasuka na mafuta yanazunguka humo humo. Isiachwe ilie kwa muda mrefu. Pampu hupozwa na mafuta yanayoipitia, na ikikaukiwa huungua. Mlio wake ukipanda na kuwa mwembamba, izimwe papo hapo.

Geji inasema nusu, mpira unasema hakuna

Boya la geji hukwama kwenye gari lililolala, hivyo geji isiaminiwe. Lakini kuna sababu nyingine inayowachanganya hata wazoefu. Magari mengi yanayosukuma magurudumu yote manne, kama vile Subaru nyingi zilizojaa mjini, yana tanki lenye umbo la tandiko la punda: matumbo mawili, kulia na kushoto, na shafti ikipita katikati. Mpira ukikausha tumbo moja, jingine hubaki limejaa. Upande wa pili nao una kifuniko chake chini ya kiti, na sharti ufunguliwe. Anayekwenda kuchomelea bodi akidhani tanki ni tupu kwa sababu upande mmoja umekauka yuko hatarini kuliko aliyejua kwamba limejaa. Hata tanki lililokaushwa pande zote lisisogezewe moto wa kuchomelea, kwa maana limejaa mvuke.

Yaliyotoka hayafanani na petroli

Mafuta ya kwanza yapokelewe katika chupa safi ya kioo, yaachwe yatulie kwa nusu saa kivulini, kisha yaangaliwe dhidi ya mwanga. Petroli nzima ni angavu na harufu yake hukimbilia puani. Iliyokaa hupoteza kwanza sehemu zake nyepesi, zile zinazoiwezesha injini baridi kuwaka, na kinachobaki huungana na oksijeni na kufanya utomvu. Watu husema petroli hukaa miezi 3 hadi 6. Kwa joto letu, na katika tanki lililo robo, mimi huhesabu mitatu. Ikiwa na rangi ya chai ya mkandaa na harufu ya vanishi inayopakwa milango, haifai tena kwa injini.

Mstari unaoonekana chini ya chupa, kama vile kuna kioo juu ya kioo, ni maji. Hewa yenye unyevu huingia tankini kila usiku linapopoa, ikaacha matone. Chembe nyekundu ni kutu ya tanki, na hizo zinamaanisha kwamba tanki litahitaji kushushwa na kuoshwa. Kwa upande wa dizeli, utelezi mweusi kama mwani unaonyesha kwamba vijidudu vimeota mahali maji na mafuta yanapokutana.

Petroli ambayo imefifia kidogo tu, isiyo na maji wala kutu, inaweza kuchujwa na kuchanganywa kidogo kidogo na mafuta mapya, sehemu moja kwa tano au zaidi. Iliyoharibika isimwagwe. Malindi imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu, na kinachomwagwa uani leo kitanukia kisimani kesho. Isichanganywe na mafuta ya taa kamwe: kiasi kidogo cha petroli ndani ya kandili au stovu hugeuza taa ya nyumba kuwa bomu, na wanaokaa mbele yake ni watoto wanaosoma. Ihifadhiwe katika chombo kilichoandikwa, nje ya nyumba, mpaka ikabidhiwe kwa mwenye leseni ya kukusanya taka za mafuta. Karakana kubwa hujua wa kumwita.

Harufu ipo kabla ya kufungua chochote

Hii si dalili ya kusubiri asubuhi ya mbali. Utepe wa kutu juu ya tanki, mpira wa shingo uliopasuka, au paipu ya chuma iliyoliwa na chumvi ndivyo visababishi vya kawaida. Gari lisiwashwe, milango ifunguliwe kwa uangalifu, watu na majiko wasogezwe, na mafuta yaondolewe siku hiyo hiyo kwa njia ya mpira wenye tumbo, si kwa pampu ya umeme. Utafutaji wa mahali panapovuja ufanywe kwa macho mchana, na kitambaa kikavu kikipitishwa kwenye viungo.

Tanki limesafishwa, gari linawaka na kuzima

Filta ya mafuta ibadilishwe kabla ya kulaumu kitu kingine, kwani mabaki ya utomvu yaliyokuwa ndani ya paipu husafiri na mafuta mapya. Ziwekwe lita 10 mpya, swichi ifunguliwe bila kuwasha kwa sekunde chache, ifungwe, na irudiwe mara tatu au nne ili paipu zijae, huku mtu wa pili akitazama kila kiungo kilichofunguliwa. Pasipodondoka kitu, injini iwashwe. Ikiendelea kuzima, nozeli zina utomvu na zitahitaji kutolewa na kusafishwa kwenye mashine. Kwa gari la kabureta, bakuli lake lifunguliwe. Mara nyingi ndani yake mtaonekana ukoko wa kahawia, mkavu kama gundi, ambao unaeleza kila kitu kilichotangulia.